Mkono Usiooshwa

Katika nchi ile mtoto wa kiume hakuzaliwa mzima. Siku ya kupewa jina alipelekwa mtoni akazamishwa kichwa, kifua, miguu na mkono wa kushoto. Lakini mkono wa kulia mama yake aliushika juu, mkavu, usiguswe hata na tone. Jina lilimwingia mtoto pamoja na maji, kila mahali palipolowa. Mkono wa kulia ulibaki nje ya jina. Ulitengwa kwa ajili ya vita, na vita, walisema watu wetu, havifai kuwa na mwenyewe. Mkono ule ukiua, hakuna aliyeua. Ukichoma nyumba, nyumba imeungua tu, kama inavyoungua kwa radi.

Mimi naitwa Fintani, lakini si mimi mzima ninayeitwa hivyo.

Sijui niliingiaje nchi ile. Wakati mwingine nakumbuka kwamba nilizaliwa humo, katika nyumba ya udongo na nyasi iliyonuka moshi na maziwa. Wakati mwingine nakumbuka kwamba nililala mahali pengine kabisa, kwenye joto, chini ya jua linalojua kazi yake, nikaamka kwenye ukungu nikiwa na lugha ya watu wale mdomoni na njaa yao tumboni. Kumbukumbu zote mbili ni za kweli, na zote mbili zina mvua. Nchi ile ilikuwa ya mabwawa na misitu. Ardhi yake ilikuwa laini mguuni kama nyama. Ukikanyaga ilikushika kidogo kabla ya kukuachia, kama mtu anayetaka kukuuliza jambo.

Na vita havikuwa na mwanzo. Ukimuuliza mzee wa upande wetu atakuambia vilianza babu yake alipokuwa mtoto. Ukimuuliza babu yake, ambaye katika nchi ile bado alikuwepo, ameketi jikoni, kijana kuliko mjukuu wake, atakuambia vitaanza kesho. Ng'ambo ya maji kulikuwa na Malkia. Hakuna aliyewahi kumwona. Lililofika kwetu ni jina lake: limechorwa chini ya amri, limegongwa kwenye muhuri, limetamkwa na askari kabla ya kutia moto shamba la mtu. Jina lake lilikula ng'ombe. Jina lake lilikata miti. Nilipokuwa peke yangu nilijiuliza: je, hivi si vita kati ya jina lisilo na mkono na mkono usio na jina? Na kama ndivyo, ni nani hasa anayekufa? Maana watu walikufa. Niliwaona. Walilala kando ya njia midomo ikiwa ya kijani kwa majani waliyojaribu kuyala, na hakuna jina wala mkono uliokuja kuwafukia.

Nilikuwa mshairi. Hakuna aliyenifundisha. Wenzangu waliosomea kazi hiyo walifungiwa vyumba vya giza, wakalazwa chali na jiwe tumboni mpaka mizani ikawaingia. Mimi mizani niliipata kwa kusikiliza nyundo ya mhunzi na kwato za farasi kwenye matope magumu, na nilijua, nasema bila haya, kwamba nilikuwa bora kuliko wote. Lakini niliandika kwa mkono wa kulia. Kwa hiyo mashairi yangu yaliimbwa kwenye kila moto wa bonde letu na hakuna aliyesema ni yangu. "Ni ya mkono," walisema, na kuendelea kula. Hata hili, ambalo lilipendwa kuliko yote, wapiganaji waliliimba mbele ya uso wangu kama wimbo wa yatima:

Mkono usio jina, ni nani wa kuuita?
Hakuna wa kuukana, wala wa kuja kusuta,
Watu wakiulizana, nani alianza vita,
Wenyewe umeshapita, hauna pa kushikika.

Nilijivunia shairi lile na lilinichoma. Nililitunga kwa kuukejeli mkono. Wao walilisikia kama sifa.

Asubuhi ambayo nataka kuisimulia, Konla alinikuta nanawa uso kwenye dimbwi. Konla ndiye aliyekuwa mkuu wa wasusi wa msitu. Kazi yao ilikuwa hii: walichukua miti michanga iliyo kando ya njia, wakaikunja ikiwa hai, wakaisuka tawi kwa tawi kama mtu anavyosuka ukili, mpaka njia ikawa na kuta mbili za kijani zisizopenyeka. Miti haikufa. Iliendelea kukua ndani ya msuko ule, ikakaza yenyewe. Askari wa Malkia wakiingia humo hawakuweza kugeuka wala kutawanyika, na sisi tulikuwa juu yao, kwenye matawi.

"Ndugu yako wa kunyonya amefika, mshairi," Konla akasema. "Amepiga kambi kando ya shayiri yetu, na mienge anayo."

"Anataka nini?"

"Kiapo. Wewe ndiye uliyebaki wa nyumba ya chifu, basi wewe ndiye uape. Tusimguse yeye na watu wake wakipita msituni kurudi ngomeni kwao. Ukiapa, shayiri inabaki imesimama." Akatema kijiti alichokuwa akitafuna, akacheka. "Mpe, bwana. Mpe hata viwili akaweke akiba. Mkono si unao?"

Walio nyuma yake wakacheka pia, na hawakuhitaji kuelezwa. Kiapo huapwa kwa mkono wa kulia ulionyooshwa juu. Na mkono wetu wa kulia hauna jina. Ukiapa, hakuna aliyeapa. Watu wa ng'ambo hawakulijua hilo. Wao walitazama kiganja kilichoinuliwa wakaona wameahidiwa. Viongozi wetu walikuwa wameapa hivyo tangu zamani, kivuko hadi kivuko, na watu wa ng'ambo walituita waongo, nasi tulishangaa kwa nini.

"Wakishaingia njia ya msuko, sisi tunawamaliza," Konla akasema. "Shayiri tunavuna, na bunduki zao tunachukua. Wewe kazi yako ni kuinua mkono tu. Hata mtoto anaweza."

"Na Edmandi?"

"Edmandi ni nani?" Konla akaniuliza, na macho yake yalikuwa ya upole kabisa.

Edmandi alikuwa mtoto wa watu wa ng'ambo waliohamia kwetu siku za utulivu, wakajenga, wakazoea maziwa yetu ya mgando. Wakafuata desturi yetu ya kumpeleka mtoto kulelewa kwa jirani, ili kesho jirani asiwe adui. Wakampeleka kwa Sorha, aliyekuwa amenizaa mimi. Sorha alitunyonyesha pamoja, Edmandi kushoto, mimi kulia. Tulilala kitanda kimoja mpaka tulipoota ndevu. Yeye alikuwa ameoshwa mzima, kwa desturi ya kwao, na hilo lilikuwa tofauti yetu pekee. Nikimpiga nilisema, "Si mimi, ni mkono." Akinipiga yeye, alilia kabla yangu. Kisha watu wa ng'ambo wakamwita, wakampa kofia na upanga, na amri yenye jina la Malkia. Alichoma bonde la juu. Alichoma bonde la katikati. Likabaki letu, na shayiri yake ndiyo iliyokuwa ya mwisho kati ya sisi na majani.

Tulikutana kivukoni. Edmandi alisimama ukingo wa pili na askari wake, ambao kila mmoja alikuwa akipuliza utambi wa bunduki yake usizimwe na manyunyu. Mimi nilishuka peke yangu. Konla na wenzake walibaki juu, mwanzo wa msitu, ambako ukungu uliwaacha waone vichwa vyetu na mikono iliyoinuliwa, basi, si maji.

"Umekonda, Fintani," akasema.

"Nawe umenenepa. Ng'ombe wetu watamu?"

"Wagumu. Wanakufa wakiwa na hasira."

Nilitaka kucheka. Ndipo Sorha akatokea kati ya mafunjo, sketi ameipandisha magotini, akaingia mtoni bila kuomba ruhusa ya jeshi lolote, akasimama katikati, maji yakimfika mapajani.

"Edmandi! Kofia kichwani mbele ya mama yako?"

Akaivua haraka. Askari wakacheka, sajini wao akacheka zaidi, na Edmandi akawaacha wacheke.

"Nawe, Fintani, nani kakufundisha kusalimia watu kwa ng'ombe? Ulizaneni afya kwanza."

"U mzima, Edmandi?" nikauliza.

"Si mzima," akasema. "Nawe?"

"Nusu."

Kisha nikainua mkono wa kulia, kama tulivyopanga, na nikafungua kinywa niape.

"Ushushe," Edmandi akasema.

"Kapteni," sajini akaingilia, "si ameshanyoosha mkono? Aape twende. Tambi zinalowa."

"Nimelala kitanda kimoja na mkono huo," Edmandi akamjibu bila kugeuka. "Ushushe, Fintani. Mama, muoshe kwanza."

Mto uliendelea kupita, nikaona ajabu kwamba unaendelea. Uso wa Sorha ulikwenda mbali, ukarudi.

"Unajua unachoomba, mwanangu? Hakuna mwanamume wa kwetu aliyewahi kuoshwa."

"Najua, mama."

"Akioshwa, yote uliyoyafanya mkono yatakuwa yake. Ya nyuma na ya mbele."

"Najua. Mimi yangu ninayo." Sauti yake ilikuwa ndogo, akisema kama anayezungumza na farasi aliyechoka. "Nilipochoma bonde la juu nilikuwa mimi. Nilipochoma la katikati nilikuwa mimi. Nikiketi kula, watu wa bonde lile wanaketi nami, wananitazama natafuna. Malkia hayupo, mama. Fintani hayupo. Konla hayupo. Nimechoka kuwa mtu peke yangu katika vita hivi."

Nikikataa, shayiri inaungua. Nikikubali, nani atakuwa amekubali? Mimi nani? Huyu aliyelowa siku ile, au mkavu? Nikikubali, wale waliouawa na mkono kwenye daraja la mawe ni wangu. Yule mpiga tarumbeta aliyekufa akiita jina la dada yake, ni wangu. Lakini mashairi pia. Mashairi yote, beti kwa beti, yatanirudia kama ng'ombe jioni, na kila atakayeimba atasema: la Fintani. Ee mkono. Ee mgeni niliyekubeba miaka yote begani. Nilimtazama Sorha, nikaitazama shayiri nyuma ya askari, na mpaka leo najiuliza ni nani ndani yangu aliyejibu, mwenye njaa au mwenye kutaka sifa. Ningependa kusema mwenye njaa. Mto ungecheka.

"Nioshe," nikasema.

Nikaingia mtoni, Sorha akanishika kifundo cha mkono. Siku ya kupewa jina aliushikilia juu. Sasa aliuvuta chini. Niliona maji yakipanda, kucha, kiganja, kifundo. Yalikuwa baridi kuliko nilivyodhani maji yanaweza kuwa, kwa sababu mkono ule haukuwahi kujua baridi. Akasema, "Fintani," mara moja, kama mtu anayeita kutoka mlangoni.

Na wakaja. Hawakuja kama mizimu wala kama ndoto. Walikuja kama uzito. Kila mmoja alikuwa na mahali pake mkononi, na pale palikuwa pamemngoja. Mpiga tarumbeta alikaa kwenye kidole gumba. Wa daraja la mawe walikaa kwenye mishipa. Nyuma yao nikaona wengine nisiowajua, waliovaa nguo za nyakati ambazo hazijafika bado, katika nchi zenye jua, wakipita kivuko hichohicho mikono imeinuliwa, wakiapa na kuua, wakiapa na kuua, na kila mmoja akisema si mimi, nimetumwa, si mimi, ni vita. Mto ulikuwa mmoja. Nilitaka kulia nikashindwa, maana sikujua nianze na nani. Na mashairi? Mashairi yalikuja pia, mwisho kabisa, na yalikuwa mepesi. Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyataka, na nilipoyashika hayakuwa na uzito wa kunizuia nisizame.

Nikainua mkono, ukidondosha maji, nikaapa. Safari hii kulikuwa na mtu aliyeapa.

Edmandi akavuka mto. Hakunikumbatia, alinigusa bega, akaliacha haraka kama mtu aliyegusa chungu kilichotoka motoni. "Sasa tuko wawili," akasema. Aliwaacha askari wachache na mienge yao kambini wafungashe mizigo, akawaongoza wengine kuelekea msituni. Nikamwambia nitatangulia, nishike hatamu ya farasi wake, ili wetu wanione. Nilidhani kuonekana kunatosha.

Njia ya msuko ilinuka majani na udongo uliochimbwa. Huko ndani mvua haikufika. Iligota juu, kama watu wanaobisha hodi. Niliinua uso nikapaza sauti:

"Konla! Mkono umeoshwa! Nimeapa kweli! Waache wapite!"

Juu, mtu akacheka kwa pumzi, kisha mwingine. Kicheko cha watu wanaojizuia.

"Konla! Mama ameniosha! Ninasema kweli!"

"Husikii anavyosema?" sauti ya kijana ikanong'ona kwenye matawi, kwa mshangao wa mapenzi. "Jamani, anajua huyu!"

Ndipo nikaelewa, na miguu yangu ikaelewa baadaye kidogo. Hakuna mwanamume wa kwetu aliyewahi kuoshwa. Kwa hiyo ukweli wangu ulikuwa uongo mzuri kuliko uongo wote waliopata kuusikia. Kadiri nilivyolia ndivyo walivyonisifu. Niligeuka nimsukume Edmandi ashuke, nikaweka mkono wangu, huu, kifuani pake, na mshale ukapita juu ya kidole changu kidogo ukaingia shingoni mwake taratibu kabisa, kama unaomba njia.

Yaliyofuata yalikuwa kelele. Tambi zilizolowa zilikataa kushika. Farasi hawakuweza kugeuka. Miti iliyosukwa ilishikilia kila kitu mahali pake, kwa uaminifu. Mimi niliketi matopeni kichwa chake kikiwa mapajani mwangu, na hakuna aliyenigusa, kwa kuwa pande zote mbili ziliniona ni wa kwao.

Edmandi alinitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayepiga hesabu iliyokataa kutoka.

"Maji yale," akasema.

"Yalikuwa maji ya kweli. Edmandi, yalikuwa ya kweli."

"Mama naye alijua?" akauliza.

"Hapana. Hapana, Edmandi. Sikia. Hapana."

Lakini nilikuwa nikiongea na macho yaliyokwisha kuondoka.

Konla alishuka kwenye tawi, uso umejaa jasho na furaha. Akanipiga mgongoni. "Nilikaribia kukuamini mimi mwenyewe," akasema. "Ile ya mama kukuosha! Umeitoa wapi?"

"Niliapa, Konla."

"Uliapa, ndiyo. Vizuri mno."

"Nilioshwa."

Akaendelea kutabasamu muda mrefu, akingoja nitabasamu nami. Nilipomwonyesha kiganja, alikitazama kama anavyotazama mtu kiganja chochote. Ngozi ilikuwa ngozi. Jina halionekani. Akatikisa kichwa, akaenda kuokota bunduki, na nilimsikia akianza kuimba, Mkono usio jina, na wengine wakamwitikia kutoka juu na chini, na mimi mwenye shairi lile sikuwa na pa kulifukuzia.

Walioachwa kambini walisikia. Nilipotoka msituni na Edmandi mabegani, shayiri ilikuwa imeshashika, na ukungu wa bonde zima ulikuwa mwekundu kwa chini, mweupe kwa juu. Wanawake walikuwa ukingoni mwa shamba wakipiga moto kwa sketi zilizolowa. Moto haukuwajali. Sorha hakuwa nao. Alikuwa bado kivukoni, ameketi kwenye jiwe, miguu majini, na nguo yake ilikuwa na maji mpaka kiunoni.

Nilimlaza Edmandi karibu naye. Alimfunga kifungo kimoja cha koti alichokuta kimefunguka. Akampangusa matope kwenye sikio. Hakulia. Katika nchi ile wakati ulikuwa na desturi ya kukusanyika mahali na kutuama, na nadhani tuliketi pale muda ambao mto ulikuwa mwembamba, kisha mpana, kisha mwembamba tena.

"Alisema kitu?" akauliza.

Ningeweza kumwambia hapana. Jana ningemwambia hapana, na hakuna ambaye angekuwa amedanganya.

"Aliuliza, mama naye alijua?"

Akaukunja mdomo wake ndani, kama mtu anayeng'ata uzi.

"Ukamjibu?"

"Nilimjibu. Hakusikia."

"Ulimjibu nini?"

"Nilimwambia hapana."

Sorha akainama. Akashusha kichwa chake kando ya kichwa cha Edmandi mpaka nywele zao zikachanganyika na sikujua tena sikio ni la nani.

"Sema tena," akasema.

Nikasema tena.